Pipa la Mama Mkwe Wako

Mwanangu Zuhura, kipande cha ini langu,

Sisi huku Ngamiani wazima wa mwili, na baba yako anakusalimu. Ila mimi tangu juzi chakula hakishuki, kwa maneno aliyoniletea Bi Mwanahamisi, yule muuza dagaa wa huko kwenu Kigombe. Anasema mama mkwe wako anatangaza kisimani kwamba bibi harusi kaingia na fukusi. Eti kunde za nyumba nzima zimeliwa na wadudu kwa mkono wako mchafu, na heri urudishwe kwa mamako ukafunzwe upya. Na wewe, mwanangu, eti umeinama ukasema, "Nisameheni."

Usamehewe nini, Zuhura?

Wazikumbuka kunde zile nilizokufungia uende nazo kwa mumeo? Tulizianika uani juu ya jamvi, mimi na wewe, huku ukiwafukuza kuku. Kila jua likipinda nilikupa moja uitafune. "Inabonyea, mama." "Basi bado." Mpaka siku ilipolia ka! ukashika shavu: "Mama, utanivunja jino kabla sijaolewa!" Tukacheka hata jirani akachungulia. Wala sikukubali tuzitie mtungini zina moto. Tulizipoza kivulini kwanza, maana kunde ya moto hutoa jasho ndani, na jasho ndilo limwitalo mdudu. Mtungi tuliusuza kwa maji yanayochemka, tukaukausha kichwa chini. Jivu ulilichekecha wewe, ukatoka mweupe kama mzuka. Tukatia kunde, jivu, kunde, jivu, tukaziba mdomo kwa udongo. Huo mkono mchafu ulikuwa wapi?

Mwenyewe uliniambia, ulipokuja kunitazama nilipokuwa na homa, kwamba kwa wakwe zako chakula cha bibi harusi humwagwa kwenye pipa la nyumba, juu ya kile cha zamani, ili nyumba mbili ziwe moja. Mama mkwe wako akapepeta jivu langu lote likaenda na upepo, "hapa hatuli majivu," kisha akamwaga, na wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele! Fukusi nao walipiga vyao humo ndani, wallahi, maana karamu imewafuata nyumbani.

Mwanamke yule hufagia kizingiti asubuhi na jioni ili wapita njia wamsifu, lakini chini ya pipa lake sidhani kama pamewahi kuona jua. Halikombwi, halimwagiwi maji moto. Mavuno ya mwaka huu yanalalia ya mwaka jana. Halafu anashangaa! Mdudu haji na harusi, mwanangu. Anafugwa. Na yeye kawafuga wakanona kuliko mbuzi wake.

Sasa nisikilize. Kunde zangu ni nyekundu, zao nyeupe, hata mtoto atazitenga. Chota za chini kabisa, kisha za juu. Hizo nyeupe utazikuta zina matundu na unga. Nyekundu nyingi bado nzima, ila zimegandwa na vidoa vyeupe kwa nje. Hayo ni mayai. Basi waulize, kwa adabu niliyokulea nayo: iliyokwisha kutobolewa na iliyotagiwa jana, ipi ilimwambukiza mwenziwe? Ukishajibiwa, zilizo nzima zianike juu ya bati lenye moto, uzipepete, kabla mayai hayajaanguliwa. Zenye matundu wape kuku. Pipa likombwe, limwagiwe maji yanayochemka, na lisitiwe kitu mpaka likauke kabisa.

Mimi naogopa, Zuhura. Siogopi fukusi, hao nawaponda kwa kucha. Naogopa huo upole wako. Leo umebeba lawama ya kunde. Kesho mtoto wako akiharisha, watasema ni maziwa yako, nawe utainama tena. Na mtu anayeona raha kumtwika mwenzake uchafu wake hachoki, huongeza mzigo.

Wakitaka kukurudisha, rudi. Chumba chako nimekifukiza udi. Lakini hutoki pale na jina la uchafu. Lipindue pipa kwanza, mchana, watu wote wakiwa uani, na mumeo asimame mbele aone kwa macho yake. Akiona akasema kweli mbele yao, kaa naye, ni mume. Akiona akanyamaza, usimngoje hata amalize kunyamaza. Chukua buibui lako uje.

Mungu akutie nguvu ya ulimi. Na ule, mwanangu, nasikia umekonda.

Mimi mamako mzazi,
ninayetazama njia.