Nyumba Isiyo na Kufuli la Nje

Jumatano, Moroni. Mvua imenyesha asubuhi ikaacha joto la kunata. Nimekaa sebuleni kwa marehemu bibi yangu, Koko, miguu mitupu juu ya sakafu, maana sakafu ya hapa ina ubaridi ambao sijaupata kwingine. Nina hasira, lakini leo si zile hasira zangu za kila siku.

Zile za kila siku, shajara, unazijua. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo katika bandari ya Mutsamudu, kisiwa cha pili, na kazi yangu kubwa ni kubembeleza mihuri. Juzi juzi kontena la vitunguu lilikaa pale likisubiri saini ya bwana mmoja aliyekwenda kijijini kwao kumwozesha binti. Aliporudi, vitunguu vilikuwa vimechipua majani kushinda bustani ya jirani yangu. Hakuna aliyeiba wala kudanganya. Mwenye mzigo alikuwa tayari, walaji walikuwa tayari, kilichokosekana ni wino tu.

Ndiyo maana nasema, na sitachoka kusema: serikali ishike wezi, ihukumu kesi, halafu itupishe tupite. Wakipanga bei ya mchele, mchele unayeyuka sokoni Volo Volo siku hiyo hiyo, na jioni unaupata nyuma ya vibanda kwa bei ya mwenye roho ngumu. Wakitoa kibali cha kuingiza kitu kwa mtu mmoja, huyo mmoja anakuwa bwana wa sote. Ndugu zangu wanasema vitabu vimeniharibu. Nilisomea biashara Unguja, na Kiswahili cha huko ndicho ninachoandikia humu, kwa sababu wao hawakisomi na mimi napata nafasi ya kuwasema kwa raha zangu.

Basi leo nimekwenda ofisini kuandikisha nyumba hii.

Nilijiandaa kwa vita. Nilivaa viatu vya kusimamia foleni. Nikakuta kijana mstaarabu, akanivutia kiti, akaniuliza jina la mwenye nyumba, moja tu. Kisha akasema kwa upole, "Ukishaandikwa, mama, ni yako. Uza, pangisha, bomoa, hakuna wa kukuuliza."

Umri wangu wote nimengoja mtu wa serikali aniambie maneno hayo.

Kalamu ikanishinda.

Niseme yote. Mnunuzi yupo. Ni mfanyabiashara anayetaka kugeuza nyumba iwe vyumba vya wageni, kwa ajili ya hii roshani inayotazama bandari ya zamani. Mume wangu Bakari, mtu wa Mutsamudu, ameshanunua lori kichwani mwake na ameshalipaka rangi. Binti yetu Faiza yuko Marseille, na alipoulizwa alisema, "Mama, uza tu, mimi siji kukaa kwenye mawe yale." Na mimi nilikuwa nimekubali. Sikuja Moroni kufikiri, nilikuja kuandika jina.

Lakini nyumba hii ni manyahuli. Hapa kisiwani Ngazidja maana yake ni mali ya ukoo wa kike: inatoka kwa mama kwenda kwa binti, haiuzwi, na mwanamume hana fungu. Mume huja kukaa kwa mkewe, wakiachana huchukua nguo zake na kuondoka. Mlango wenyewe unakueleza hivyo. Una komeo la mti kwa ndani, na kwa nje hauna kitu, hata tundu la ufunguo. Koko, bibi yangu mzaa mama, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa akisema nyumba inayofungwa kwa nje ni ghala. Ya watu hufunguliwa na aliyemo ndani.

Nikiwa na umri wa kuvunja ungo na kujiona nimejua dunia, nchi hii ilikuwa mikononi mwa mamluki. Walikuja kwa meli mwaka wa sabini na nane, wakamwondoa rais aliyekuwepo, wakamrudisha aliyeondolewa kabla yake, kisha wakasahau kwenda kwao. Vijana wa leo huniambia labda zile zilikuwa siku za biashara huria, kwa kuwa wale wazungu walipenda biashara. Hapana, jamani. Zilikuwa siku ambazo duka lako ni lako mpaka mwenye bunduki alipende.

Mmoja wao akaipenda roshani yetu. Hakuja yeye. Alimtuma mkurugenzi wa ofisi moja, kijana wa mtaa wa nyuma aliyetoka kuoa, pamoja na askari wawili wa sare nyeusi. Ilikuwa amri: nyumba inayotazama bandari inahitajika kwa usalama, na wenyewe wahame baada ya Ijumaa. Wakamkuta babu yangu, tuliyemwita Bakoko, akisoma Kurani barazani. Wakamwekea karatasi, na askari mmoja akaweka bunduki mezani pembeni yake, taratibu, mtu anavyoweka kikombe. Bakoko akasaini.

Namkumbuka alivyokuwa akiitazama mikono yake baada ya wao kuondoka. Sijawahi kumlaumu.

Koko alirudi kutoka kisimani akaambiwa. Hakulia wala hakumgombeza mumewe. Alivaa leso yake njema akatoka kwenda kunywa kahawa kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, mpaka akauzunguka mtaa mzima. Kila alipoingia alisema habari moja: "Mume wangu amesaini nyumba yangu, na serikali imekubali saini ya mume." Hakuongeza neno. Kila mwanamke alimtazama mume wake aliyelala pale kochini na kufikiri ya kwake.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, wanaume wakarudi kula.

Milango yote ilikuwa imekomewa.

Nilikuwa dirishani, na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Walikuwapo wakubwa wa ofisi na mikoba yao, walimu, polisi, waheshimiwa wa mji wenye majoho, kila mmoja amesimama mbele ya mlango usio na tundu la ufunguo, anagonga. Jirani yetu wa kushoto, karani wa mahakama, nilimsikia vizuri.

"Fungua, ni mimi."

"Nyumba ya nani hii?" mkewe akauliza kutoka ndani.

"Yako, bibi wee, kwani nani amesema?"

"Basi kamwambie hivyo mzungu wenu, ndipo uje ule."

Mkurugenzi naye alikimbilia kwa mama yake. Mama akatoa kichwa dirishani, akamwambia nyumba ile ni ya dada zake, yeye ana mke, aende kwa mkewe. Watu walimwona amekaa ofisini na tai yake anakula biskuti kavu, na jina la Biskuti halikumtoka mpaka alipostaafu.

Siku zikapita. Wanaume wakalala msikitini na kuoga kwa zamu, mashati hayakupigwa pasi, na kazi za serikali zikaanza kunuka jasho. Wengine walikuwa na bunduki, lakini ungemwelekezea nani? Mkeo mwenyewe? Mama mkwe wako? Na ukiuvunja mlango utaingia uwe nani mle ndani?

Bakoko pia alikuwa nje, Koko hakumwonea huruma ya kumfungulia. Lakini kila mchana alinipa chungu nimpelekee msikitini, wali wa nazi na kile kipande cha samaki cha kati ambacho nyumbani hapewi mtu mwingine. Bakoko alikuwa akifunua kifuniko na kutabasamu. Aliniambia, "Bibi yako hana hasira na mimi." Alisema kweli.

Mwishowe yule mzungu akaja mwenyewe, kwa sababu watu wake hawakuwa wakifanya kazi. Mkurugenzi akawa mkalimani, amechoka, ndevu zimemwota. Mzungu akauliza nyumba ni ya nani. Bakoko akasema si yangu, mimi nimeoa hapa. Kaka zake Koko wakasema si yetu, ni ya dada yetu. Akamgeukia Koko, ambaye alikuwa amefungua mlango nusu na kukaa kizingitini.

"Mimi nakaa tu," Koko akasema. "Mwenyewe ni huyu mjukuu wangu." Akanishika mkono. "Na yeye naye anakaa tu. Ni ya binti yake."

"Binti yake yuko wapi?"

"Hajazaliwa. Msubirini."

Barazani watu walicheka mpaka askari mmoja, kijana wa kwetu chini ya ile kofia, akageuza uso. Mzungu hakucheka. Alisimama kidogo akiutazama ule mlango, akarudi garini. Wiki ile ile akachukua jengo la mfanyabiashara mmoja kule chini, mwenye jina moja kwenye karatasi na kufuli moja kubwa la nje. Yule maskini alionyeshwa mtutu mara moja tu, akatoa ufunguo.

Sisemi kwamba Koko aliwashinda mamluki. Wapo walionyang'anywa wakati ule, wapo waliofungwa, na wale watu walikaa nchini muda mrefu baadaye. Nasema nyumba hii hawakuipata. Nampenda Koko kwa hilo mpaka kifua kinajaa. Hakusoma kitabu hata kimoja kati ya vile vyangu, wala hakuomba kibali cha mtu.

Sasa hapa ndipo ninapojikuna kichwa.

Nimeandika humu mara nyingi kwamba mali usiyoruhusiwa kuiuza si mali yako. Naliamini hilo nikiwa Mutsamudu mbele ya vitunguu vilivyochipua. Lakini Koko asingeweza kuuza hata bawaba ya mlango huu, na ndicho kilichomwokoa. Angekuwa na jina lake peke yake kwenye karatasi, wangeweka bunduki mezani mara ya pili, mbele yake, na labda na yeye angesaini. Kila mtu ana siku yake ya kuogopa. Leo sikuwekewa bunduki. Nimewekewa kiti kizuri na bei nzuri, na nilikuwa nimeshika kalamu.

Kijana wa ofisini aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwuliza kama naweza kuandika jina langu, la binti yangu, na kuacha nafasi kwa wanaofuata. Akasema kompyuta haikubali. Ni jina moja, la mtu aliye hai, mwenye kitambulisho. Nikacheka peke yangu. Nimekuwa nikiwapiga vita watu hawa maisha yangu yote, nami nilidhani wanachotaka ni kunizuia nisiuze. Kumbe wanataka tu wajue mlango upi wa kugonga. Nikamshukuru nikaondoka.

Nilipofika hapa nikampigia Faiza. Sikumgombeza. Nilimsimulia habari ya milango, nikashangaa kwamba sikuwahi kumsimulia, labda kwa sababu alikua wakati hatutaki kusikia tena habari za mamluki. Alicheka pale kwenye biskuti. Nilipofika kwenye "hajazaliwa, msubirini," akanikatiza.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Yule mzungu alikuwa ananisubiri mimi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi mwambie huyo wa hoteli naye asubiri. Mwezi wa likizo nakuja, nionyeshe hilo komeo linavyofungwa."

Nimelia kidogo, sioni aibu kuliandika. Faiza anaweza kubadili mawazo akishaona mawe na maji yasiyotoka. Anaweza kuja mara moja asirudi tena. Nyumba ya aina hii haina nguvu yoyote kama ndani hamna mtu, na mimi kwa miaka nimewaachia binamu zangu nikashughulika na makontena ya watu. Nimepiga simu kazini nikaomba ruhusa ndefu. Ndiyo, mimi, nimeomba ruhusa.

Bakari nimemwambia pia. Nimemwambia nyumba haiuzwi. Akauliza, "Umeamua peke yako?" Nikamjibu hapana, tumeamua wengi, wengine wamekufa na wengine hawajazaliwa. Akasema ameshakata tiketi ya meli ya kesho na yule mnunuzi ameahidi kumpokea bandarini, waje wote wawili tuzungumze kwa utulivu.

Kesho, basi. Wali utakuwa jikoni, na kipande cha samaki cha kati nimeshakiweka kando. Bakari atagonga, nami nitamwuliza nyumba ya nani. Akijibu vizuri, na akiwa peke yake, nitamfungulia.

Akija na mgeni wake, biskuti ziko dukani pale kona.