Sauti ya Bibi Ngumi

Usinipigie, niko chooni kazini. Soma tu.

Yule mpiganaji niliyemchora kwenye gemu letu, Bibi Ngumi, wamembadilisha. Bosi katuonyesha leo kwenye skrini kubwa. Mvi hakuna. Lile bega lililoshuka, nililolitoa kwa mama baada ya kiharusi, wamelinyoosha. Sasa ni binti mwenye kiuno cha nyigu. Eti wachezaji wamechoka na vikongwe.

Hata hadithi yake wameifuta. Hapigani tena ili amrudishe mwanawe nyumbani, analipiza kisasi kwa ajili ya mchumba wake.

Nikaitikia tu kwa kichwa. Si unanijua.

Wakamjaribisha. Binti akala teke moja, chini. Na pale chini akasema, kwa sauti ya mama, "Mwanangu, nipe mkono niinuke."

Mwenzangu, sauti ya mama. Ile tuliyoirekodi jikoni kwake, wewe ndiye uliyeshika simu. Mwili mzima wameubadilisha, sauti wakaisahau.

Chumba kizima kikacheka. Binti mbichi vile, sauti ya ajuza. Wakamwangusha tena ili wacheke tena. "Mwanangu, nipe mkono niinuke."

Na mimi nilikuwa nacheka. Sijui hata kicheko kilitoka wapi.

Bosi akajifuta machozi, akauliza, "Hivi hii sauti ya nani?"

Udongo wa kaburi lake haujakauka. Nimeulizwa sauti ya mama yangu ni ya nani, nikasema sijui.