Pedeli ya Baiskeli na Zamu ya Mwera

Mume wangu Saidi, uliyezikwa Mwera na si hapa mjini Mkunazini,

Eda imekwisha juzi. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni nilikosoma Kurani, maana haya siwezi kumsimulia mtu kwa mdomo. Nina wivu, Saidi. Nilikuwa nao ukiwa hai, na sasa umezidi.

Unaikumbuka ile Alhamisi ya pedeli? Ulikuwa umemwoa Mwanaidi mwaka ule, na zamu ulizigawa sawasawa: siku mbili kwangu, siku mbili kwake Mwera. Zamu yake ilipofika uliswali alasiri, ukapanda baiskeli ukaenda. Mimi nilijitia hamnazo, nikiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Majirani walinisifu kwa subira. Subira gani? Roho iliniuma hata chakula hakipiti.

Siku ile ulipotoka kwenda msikitini nilichukua spana kwenye sanduku la vyombo vya cherehani yako. Nia yangu ilikuwa kuing'oa pedeli ya kushoto, niifiche chini ya kanga zangu, usiku upite na wewe uko kwangu. Nikaizungusha kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Ikakataa. Nikaikanyaga spana kwa mguu, bado. Nikaleta mchi wa kinu nikaigonga. Ikapinda, lakini haikutoka. Mara nikakusikia ukitoa salamu mlangoni.

Hukunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Uliitazama pedeli, ukautazama mchi, ukavua kanzu. Ukaimiminia mafuta ya taa, ukasubiri yapenye, kisha ukaniomba niishike baiskeli isicheze. Nikaishika. Mimi, mke mkubwa, nikamshikia mume wangu baiskeli ili aende kwa mwenzangu. Ukachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, ukaizungusha upande ambao mimi niliamini ni wa kukaza. Ikalia, ikalegea.

“Ya kushoto hufunguliwa kinyume, Salma,” ukasema. “Saa zote hizo ulikuwa waikaza.”

Nikakuuliza, lau ningekuomba ubaki, ungebaki? Ukafuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja.

“Nisingebaki. Zamu ni haki ya mtu. Na yako simpi mwengine.”

Ukaazima pedeli kuukuu kwa jirani, ukaifunga, ukaenda. Nilichukia kuona umetoka jasho lile lote kwa ajili yake. Baadaye, siku moja ya masika, ulinijia kutoka Mwera umerowa chapachapa, tope mpaka magotini, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu. Siku hiyo nilifurahi, nikakupashia maji ya kuoga, wala sikujiuliza yeye kabaki vipi.

Kisha ukafa kwake. Gari ya abiria iendayo shamba ilinifikisha washakuzika. Mwanaidi alinikumbatia akilia, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata kwa machozi yale. Yeye ndiye aliyekunywesha maji ya mwisho. Yeye ndiye aliyekufumba macho. Kaburi lako liko nyuma ya nyumba yake, akifungua dirisha analiona, na mimi nitalazimika kupanda gari kila nikitaka kukuzuru.

Alinieleza yote bila kuficha, na kwa hilo namshukuru japo linauma. Kifua kilikushika alfajiri, siku ya pili ya zamu yake. Kabla ya hapo ulikuwa umemwambia akupigie pasi kanzu nyeupe, maana jioni unarudi mjini.

Jioni ile ilikuwa yangu, Saidi. Mungu akulaze pema. Mimi bado naidai.

Mkeo wa kwanza,
Salma