Jina Nililoandika Kwenye Fomu

Nyamuswa, Bunda
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo bado unakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na mdogo wangu Atupele, ameacha kukuachia peke yako kazi ya kuchuma chai? Najua huko Tukuyu mvua haijakata na utakuwa umevaa lile sweta langu la kijani. Huku jua ni kali, mihogo imeanikwa kila mahali mpaka juu ya mawe. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi.

Ulilalamika kwamba siku hizi nikipiga simu nakata haraka. Ni kweli. Ukiniuliza habari nasema nzuri, na baada ya hapo sina neno. Ndiyo maana nimeandika. Mpe Atupele akusomee taratibu.

Nilikuambia wanafunzi wangu wanaandaa mchezo wa kuigiza unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho, kwa ajili ya mashindano ya shule za sekondari kule Musoma. Kulikuwa na kikombe cha mchezo bora, na tuzo za mwigizaji bora wa kike na wa kiume. Mchezo wetu ulihusu mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Mjane aliigizwa na Nyangeta, binti wa kidato cha tatu kutoka Buswahili. Mwembamba, mkimya, darasani unaweza kusahau kama yupo. Lakini akianza kuimba wapishi walikuwa wanatoka jikoni na miiko mikononi.

Wiki ya kupeleka majina, Nyangeta akalazwa kwa malaria. Fomu ilitaka jina la kila mwigizaji na nafasi yake, na mwisho ulikuwa Ijumaa. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akaniambia, "Mwalimu Sekela, jaza hiyo kitu, tusije tukaachwa." Kwenye nafasi ya mjane nikaandika Veronika, rafiki yake Nyangeta, ambaye alikuwa amejifunza nyimbo zile kama akiba. Baada ya siku sita Nyangeta akatoka hospitali. Nikawapigia waandaaji. Mama aliyepokea akasema orodha imefungwa, na asiyeandikwa haruhusiwi kupanda jukwaani. Nikamshukuru, nikakata simu, na bado nikampanga Nyangeta. Veronika nikamrudisha kwenye kwaya. Nilijiambia, nani atakagua sura na majina katika watoto wote wale.

Siku yenyewe aliimba, mama. Kuna mahali ngoma zinanyamaza na mjane anabaki peke yake na jembe. Ukumbi ulitulia mpaka nikasikia feni za juu zinavyozunguka.

Saa kumi jioni wakatangaza. Kikombe kikaja kwetu, watoto wakarukiana. Kisha mtangazaji akasema mwigizaji bora wa kike ni yule mjane, akasoma karatasi yake: Veronika Magesa. Katika mchezo mjane hupakwa majivu usoni na kufunikwa kitenge kichwani, na sasa wote walikuwa wamerudia sare ya shule, kwa hiyo hakuna mgeni aliyegundua.

Wale mabinti wawili walikuwa wamekaa nyuma yangu. Nilimsikia Veronika akisema kwa sauti ndogo, "Siyo mimi."

"Wewe enda," Nyangeta akamwambia. "Wanakuita."

"Nitasema nini?"

"Usiseme kitu. Ukikataa, kikombe itachukuliwa."

Kumbe alijua habari ya fomu siku zote. Mimi ndiye niliyepaswa kusimama, na sikusimama. Veronika akapanda, akavishwa medali, akapigwa picha. Nyangeta alipiga makofi mpaka wengine wote walipoacha. Njia nzima mpaka Bunda waliimba ndani ya basi, na yeye akaimba nao.

Nilingoja nione aibu, au nilie. Hakuna kilichokuja. Nilisahihisha madaftari.

Wiki mbili baadaye Veronika akaja ofisini, akaweka medali juu ya meza yangu. Akasema, "Mwalimu, mama aliitundika ukutani. Kila mgeni akija ananiambia niimbe ile ya mjane. Mimi siwezi. Ninasemaga koo inauma."

Siku hiyo hiyo niliwaandikia waandaaji kila kitu, na nakala nikampa mkuu wa shule. Aliisoma mara mbili. "Umewafikiria hawa watoto wengine?" akaniuliza. Nikamwambia nimewafikiria. Akasema, "Basi utawaambia wewe mwenyewe."

Niliwaambia asubuhi mstarini. Kikombe kikarudishwa Musoma, kikapewa shule iliyotufuata. Tuzo ya mwigizaji ikaenda kwa binti wa shule nyingine. Nyangeta hakupata kitu, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha. Mimi nilipewa barua ya onyo na kundi la maigizo akakabidhiwa mwalimu mwingine. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alinifuata kuuliza, "Mwalimu, sasa kikombe yetu itarudi lini?" Nikamwambia hakirudi.

Nyangeta nilimwomba msamaha. Akasema, "Mimi nilikuwaga nimeshakusamehe. Ila ungenyamaza tu. Angalau Veronika angebaki na ile medali." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenionyesha njia niliyopaswa kupita.

Jumamosi iliyopita, watoto wakiwa wamefunga shule, nilipanda bodaboda mpaka Buswahili kumweleza mama yake. Nilimkuta anamenya mihogo uani, Nyangeta yuko naye. Nikaeleza yote. Alisikiliza bila kuacha kazi yake, kisha akauliza, "Sasa hiyo nyimbo yenyewe ikoje? Mimi sijawahi kuisikia."

Nyangeta akainamisha kichwa. Mama yake akamwambia, "Simama basi, niisikie." Nyangeta akafuta mikono kwenye sketi, akasimama katikati ya maganda ya mihogo, akaimba. Aliimba vizuri kuliko Musoma. Majirani wawili wakaja wakasimama penye ua. Mama yake alishika kisu hewani mpaka mwisho, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Halafu akasema, "Haya. Mimi nimemsikia," akachukua muhogo mwingine. Nilipoaga akanifungia mihogo kwenye mfuko.

Na mimi, mama, nilisikiliza wimbo wote nikihesabu beti, nione kama ameruka ubeti wa tatu kama alivyokuwa akifanya mazoezini. Hakuruka. Hicho ndicho nilichokipata pale.

Nisalimie Atupele, na asiruke sehemu yoyote anapokusomea. Nisalimie baba mdogo wa mashine ya kusaga, shangazi aliyeolewa Kyela akija kuwatembelea, na mama mchungaji aliyenifundisha kuimba sauti ya pili. Mwambie bado naikumbuka.

Mkisali jioni, msiniombee msamaha. Wote niliowakosea wameshanisamehe, hata mkuu wa shule ananisalimia. Niombeeni siku moja nimsikie mtoto akiimba na linitoke hata chozi moja.

Ni mimi mwanao,
Sekela