Vidonge Kihengeni

Sumbawanga, Jumanne, Mei 2003

Mjinga, mjinga, mjinga! Nimemwambia Deo hivyo usoni, mbele ya daktari, na sijutii.

Mdogo wangu huyu ana homa ya ini, ile B. Miaka miwili sasa namnunulia vidonge kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini anayevitoa Dar, kisha nampelekea kijijini kwake, Kaengesa. Kimoja kila siku, basi. Leo daktari katusomea majibu ya vipimo: virusi vimerudi kwa nguvu, tena vimekuwa sugu. Dawa ile haivitishi tena.

"Ulikuwa unaruka siku?" akamuuliza.

Bwana mkubwa akajibu bila hata aibu: "Nikijisikia vizuri nilikuwa naacha, daktari. Zilizobaki nimezitunza kihengeni, za wakati wa shida."

Kihengeni! Pamoja na mahindi ya mbegu! Mtu ana watoto watatu na ini linaloharibika, halafu anaweka akiba ya dawa kama anayengojea mvua. Nimemcheka, tena kicheko kibaya.

Daktari anasema dawa nyingine ipo huko nje. Hapa kwetu haijafika.

Tulipotoka nikamuuliza ni mpumbavu gani aliyemfundisha hayo. Deo akanitazama kwa upole wake ule ule.

"Si wewe, dada? Siku ya kwanza uliponiletea ulisema ni ghali, nizitunze kama mbegu."

Ni kweli nilisema. Na siku ile nilijiona nina busara.