Kiboksi cha Wi-Fi Kabatini kwa Mama

Jumamosi, Korogwe

Hasira bado ninayo. Nimekwenda Handeni kuunganisha upya kamera ya jikoni kwa mama, ili akianguka tena nimwone kwenye simu. Kaka alidai niliunganisha vibaya. Kumbe mama amechomoa kiboksi cha kati, kile kinachofikisha Wi-Fi jikoni, akakifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni!

"Mama, kikizimwa sikuoni."

"Kitu cha thamani hakiachwi vumbini, mwanangu. Na ukitaka kuniona, si umekuja?"

Nimekichomeka, nikakifunika kitambaa chake cha kufuma, akaridhika.

Kufika nyumbani, kamera haionekani. Mama hapokei simu. Nikampigia jirani yake, moyo juu.

"Mzima huyu. Ana wageni, wanakunywa chai."

Basi vikombe vimetoka kabatini, na kiboksi kimerudi humo.