Ukungu Nilioutia Kwenye Picha za Baba

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, madirisha yamefungwa.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Nianze na salamu, maana najua ukiuona mwandiko wangu, mkono wako utaelekea kwenye pipa la taka kabla macho hayajafika mstari wa pili. Hujambo? Wifi hajambo? Mgongo wake umepona, au bado analala sakafuni? Na mapacha je, wameshaanza kusoma? Mara ya mwisho niliwaona wakitambaa, na miaka yote hii ya kutowaona kosa ni langu zaidi kuliko lako.

Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba tunapumua. Mimi napumua vizuri. Mama anapumua kama mtu anayepanda ngazi, na hapo yuko kitini.

Tafadhali usiiweke chini. Soma mpaka mwisho ndipo unitukane. Matusi nimeyazoea, na safari hii nimeyastahili.

Anayekuletea barua hii ni Shemeji Breki. Nilipomwambia nina barua yako aliniuliza ina kurasa ngapi, kwa kuwa ile ya mwisho, anasema, ilimkandamizia springi za lori. Anaondoka kesho asubuhi. Akivuka mpakani vizuri atakufikia Jumamosi, atashusha mzigo, na Jumanne ya tarehe 16 alfajiri anageuza. Safari yake nyingine ni mwezi ujao, na mwezi ujao hautanisaidia kitu. Nimekupigia simu mara ishirini na tatu wiki hii. Wifi alipokea mara moja, akasikia sauti yangu, akakata. Simlaumu.

Ninachokiomba nikitaje sasa hivi, kwa sababu nikizunguka nitaanza hotuba. Naomba kadi ya kamera ya Baba, yenye picha zake zote. Ile ile niliyokuitia mwizi siku ya mazishi yake, mbele ya waombolezaji, kisha nikakuandikia kurasa tano na kuzisambaza kwa wajomba na mashangazi wote, kana kwamba bado kuna ambaye hakunisikia.

Unakumbuka Baba alivyofanya. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi kamili jioni, kwa saa aliyoitengeneza mwenyewe, anatoka mlango wa nyuma na kamera. Miguu mitatu ya stendi anaiweka kwenye yale matone matatu ya rangi nyekundu aliyoyatia kwenye ngazi. Anapiga picha moja ya mteremko ulio nyuma ya nyumba, anarudi ndani. Hasubiri wingu lipite. Hachagui mwanga. Miaka tisa, picha mia na nane. Mwezi aliovunjika mguu tulimbeba, wewe kwapa hili na mimi kwapa lile, akalalamika kwamba tumemchelewesha dakika mbili.

Miaka sita ya mwanzo mteremko ule ulikuwa msafi, unaweza kuhesabu miti mmoja mmoja. Kisha wakaja wenye machimbo, wakafunga mashine ya kusaga kokoto kule juu. Miaka mitatu ya mwisho ya Baba, picha zinaonyesha vumbi likishuka mwezi baada ya mwezi: kwanza kileleni, halafu katikati, halafu kwenye majani ya ua wetu. Baba, fundi saa, hakuwa akipiga picha za kupendeza. Alikuwa anaweka kumbukumbu, nasi tulidhani ni mchezo wa mzee.

Sasa wameomba kibali cha kushuka na machimbo mpaka kwenye ua wetu. Daktari wa kifua alitueleza bila kuzunguka: vumbi likiongezeka Mama hatamaliza mwaka mwingine katika nyumba hii, na kumhamisha pia hashauri, kwa hali aliyo nayo. Mama naye hahami. Anasema hawezi kufa akiwa mgeni wa mtu. Kamati ya mazingira itaamua Alhamisi ya tarehe 25. Ushahidi wa familia na majirani wote ulikuwa mmoja: picha za Baba.

Nami nimeziharibu, mdogo wangu. Hakuna adui aliyeingia. Ni mimi.

Mwaka jana paa lilivuja juu ya kabati, albamu ya Baba ikaloa, kurasa zikashikana kama zimepigwa gundi. Mama alilia siku mbili. Nikamwambia asilie, nakala zote zimo kwenye kompyuta ya duka langu la picha, nitamchapia albamu mpya. Ndiyo, nakala nilikuwa nazo. Nilikuita mwizi huku nakala ninazo.

Nikueleze kazi yenyewe, ujue jinsi uovu unavyoweza kuwa mwepesi. Wateja wetu wa kalenda hawataki picha kavu. Wanataka milima inayoota ndoto. Basi unaichukua picha, unaweka nakala yake juu yake yenyewe. Ile ya juu unaitia ukungu mpaka miti iwe kama pamba, unaiongezea mwanga, kisha unaipunguza nguvu ili ya chini ichungulie. Mara moja kila jani linatoa nuru, bonde linalainika, hata jalala lililo nyuma ya soko linafanana na mlango wa peponi. Nimefanya hivyo miaka kumi na nne. Na miaka hiyo hiyo nimeandika magazetini kuwashambulia wanaoipamba dunia kwa picha badala ya kuisafisha. Nilikuwa naandika makala asubuhi na kutia ukungu mchana, na sikuona kichekesho.

Nilizitazama picha za Baba kwenye kioo cha kompyuta nikaziona ngumu, za kijivu, zina huzuni. Nikasema Mama anastahili kitu kizuri. Nikazitia ukungu zote mia na nane. Kila nilipohifadhi, mashine iliniuliza kama nabadilisha ile ya zamani, nami nikabonyeza ndiyo. Mara mia na nane iliniuliza, Kitinda. Mashine haina hata damu, lakini ilikuwa na adabu ya kuuliza.

Kwa hiyo kikao cha kamati kilipokuja Alhamisi iliyopita sikuwa na nyingine. Nilijua kabisa zina ukungu, nikajidanganya kwamba hakuna atakayegundua. Tena nikajiambia ni afadhali, wajumbe waupende mteremko kabla hawajauhukumu. Nikazichapa kubwa, nikazibandika ukutani kwa mpangilio wa miaka.

Ungekuwepo ungecheka, kwa mara ya mwisho kabla ya kulia. Nilisema dakika arobaini. Niliwaita wenye machimbo majina ambayo mwenyekiti aliniomba niyafute. Nikayafuta, nikaleta mengine. Majirani walipiga makofi. Mwenye duka la viatu alisimama juu ya kiti.

Wakili wa machimbo alisubiri mpaka nikakaa. Kijana mpole, ana mafua, anapenga kamasi kwa kitambaa. Akabandua picha mbili, moja ya mwaka wa kwanza wa Baba na moja ya mwaka wake wa mwisho, akazishika sambamba. Akaniomba nimwonyeshe yenye vumbi. Nikamwonyesha. Akauliza weupe ulio kwenye ile nyingine, ya kabla mashine haijafungwa, umetoka wapi. Nikaanza kueleza mambo ya mwanga. Akanikatiza kwa heshima zote:

"Mama, naomba nijue jambo moja tu. Weupe huu ni vumbi, au ni mkono wako?"

Nikisema ni vumbi, basi mteremko ulikuwa na vumbi tangu zamani na wateja wake hawana hatia. Nikisema ni mkono wangu, basi hata vumbi la kweli ni mkono wangu. Mimi, niliyewahi kubishana na askari, na mkuu wa shule, na daktari akiwa ameshika sindano, niliinama nikaanza kuzipanga upya karatasi zangu. Mwandishi wa kikao akauliza aandike nini. Mwenyekiti akamwambia andika kwamba shahidi hakujibu.

Mwishowe nilikiri. Ni lazima ulijue na hilo, sikutoka pale kama mwongo kamili. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, haonekani kununulika. Alivua miwani akasema atatupa siku ishirini na moja. Hataki picha za kutumwa kwa simu, ameshaona tunavyoweza kuzifanya. Anataka kadi yenyewe iliyotoka kwenye kamera, yenye tarehe zilizoandikwa na kamera. Siku tano zimeshakwenda. Majirani hawanisalimu. Mwenye duka la viatu ananiita Bi Ukungu, na jina limeshanasa.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama. Nilitegemea anigombeze. Alikuwa kitini pale kwenye mlango wa nyuma, kitambaa kibichi puani. Ndipo nikamuuliza jambo ambalo ningemuuliza mwaka mzima uliopita kama ningekuwa namtazama: mbona siku hizi hatumii lenzi ya Baba? Unaijua, ile ya fundi saa, ya kubana kwenye jicho. Tangu mtoto wa jicho amzidi alikuwa anaibana, anainamia picha moja moja, anausoma mteremko jani kwa jani kama mtu anayekagua saa. Nilipompa albamu yangu aliipapasa, akasema nzuri sana mwanangu, akaifunga. Nikaondoka nimevimba kichwa. Lenzi ikarudi kabatini siku ile ile.

Akanijibu bila hasira, na bora angekuwa na hasira:

"Mwanangu, ukungu wangu unanitosha. Zile za baba yako ndizo zilikuwa macho yangu."

Sijapata usingizi wa maana tangu hapo.

Sasa nikuombe radhi, na nisiipambe radhi yenyewe. Hukuiba. Baba alikukabidhi kadi kwa mkono wake mwenyewe hospitalini, Mama akiwepo, na mimi nilikuwa najua. Nilijua siku ile nilipokupigia kelele. Kilichoniuma ni kwamba hakunipa mimi, mwanawe wa kwanza, mwenye duka la picha, mwenye mashine zote. Nilijiuliza miaka miwili kwa nini ampe kadi mtu asiyejua hata kuifungua. Alhamisi, nikiwa nimesimama mbele ya wakili mwenye mafua, nikapata jibu. Alikupa wewe kwa sababu usingeigusa.

Ninachokiogopa kuliko yote ni hiki. Pengine kwa hasira uliitupa. Pengine ulifuta vyote ukaitumia kupigia picha za mapacha, na ilikuwa haki yako, maana ni nani anayeweka kumbukumbu za watu waliomwita mwizi? Kama ni hivyo, mwambie Shemeji Breki neno moja tu, "haipo", nami sitakuandikia karatasi nyingine. Lakini kama ipo, hata kama imekwama chini ya droo, hata kama imevunjika pembe, itafute. Geuza nyumba. Usiiingize kwenye kompyuta kuangalia kama inafanya kazi. Usiifute hata vumbi. Ifunge kwenye karatasi, mpe Shemeji mkononi kabla ya Jumanne alfajiri, na umwambie aiweke mfuko wa shati, si kwenye kisanduku cha lori, kile hakifungi.

Usinifanyie mimi. Mfanyie Mama, na mfanyie yule mzee aliyelalamikia dakika mbili. Mimi naweza kubaki na hasira zako miaka mingine kumi, nitazibeba.

Dada wa Kati anakusalimu. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza nimekula. Shangazi Mrefu anakusalimu na anasema hakuisoma ile barua ya kurasa tano. Anadanganya, lakini anakupenda. Jirani fundi cherehani anauliza kama suruali alizokushonea bado zinakutosha. Nisalimie Wifi, umwambie nimemwelewa. Mapacha uwabusu kwa ajili yangu, kama bado wanaruhusu kubusiwa.

Mama hana maneno mengi, pumzi hazimruhusu. Anawaombea Mungu awape kifua kipana na nyumba yenye madirisha yanayofunguka. Hiyo ndiyo dua yake siku hizi, na mimi naitikia amina.

Lenzi ya Baba nimeitoa kabatini leo asubuhi. Nimeifuta, nimeiweka mezani mbele ya Mama. Ameishika mkononi tangu saa nne. Hana cha kutazama, Kitinda, na hataki kuiachia.

Aliyekupenda hata alipokuwa akikutukana,

Dada yako Mkubwa